Benki Ilipomlipia Mzee Nyasi

Benki yangu ya Kitengela ina adabu sana inapokudai. Msichana aliyenipigia simu aliniita "mteja wetu mpendwa" mara tatu kabla ya kuniambia kwamba natakiwa kurudisha shilingi elfu tisini na sita. Pesa hizo, akasema, ziliingia kwenye akaunti yangu miaka miwili iliyopita kwa makosa. Mtu fulani aliweka pesa zake taslimu katika tawi la Kajiado, karani akakosea tarakimu moja ya nambari ya akaunti, zikaja kwangu. Sasa mwenyewe amelalamika, wakaguzi wamepekua, na mimi nimepatikana.

Nilifunga duka nikaenda kumwona meneja, kijana aliyevaa tai ndefu kuliko subira yake. Nikamwuliza kosa ni la nani. "Ni letu, mama." Na anayelipa ni nani? "Ni wewe, mama." Wala hakupepesa macho. Nikamwambia mimi nauza dawa za mifugo, na sijawahi kumfuata mteja baada ya miaka miwili kumwambia nilimpa chupa isiyo yake, akamue dawa ya kupe kutoka kwenye ng'ombe anirudishie. Akasema anasikitika kwa usumbufu. Baada ya saa nzima ya kelele zangu na masikitiko yake tukakubaliana elfu nane kwa mwezi, kwa mwaka mzima.

Mtu atauliza: wewe uliona pesa ambazo hukuzitolea jasho, ukanyamaza? Sikunyamaza. Nilipiga kelele za shukrani hadi kanisani.

Ni hivi. Wakati wa ule ukame mbaya niliuza nyasi kwa mkopo, jambo ambalo mama yangu kule Murang'a aliniambia ni upumbavu. Lakini mwenye ng'ombe akisimama mlangoni kwako asubuhi akiwa amekonda kuliko hao ng'ombe, utafanyaje? Wengi walilipa mvua iliporudi. Akabaki mzee mmoja wa upande wa Kajiado. Yeye alikuwa amechukua marobota mia mbili na sabini, shilingi elfu tisini na nne na mia tano. Basi siku moja simu ikalia: umewekewa elfu tisini na sita, tawi la Kajiado. Mteja wangu wa Kajiado mwenye deni alikuwa ni yeye peke yake. Ile elfu moja na mia tano ya ziada nikaihesabu kuwa asante, nikamsifu kwa malezi yake mema.

Nikampigia simu papo hapo. "Mzee, nimeona pesa. Mungu akubariki."

Kisha akauliza polepole, "Imefika?"

"Yote. Na ya juu."

"Ashe oleng," akasema, yaani asante sana, na sauti yake ikakwama. Nilidhani ni mafua. Nikafuta jina lake daftarini, na Jumapili nikasimama kanisani kutoa ushuhuda wa jinsi Mungu anavyolainisha mioyo ya wadaiwa, nikatoa na zaka. Juzi nilimdokezea mchungaji kwamba Mungu alihusishwa kimakosa katika jambo lile, nikauliza kama zaka hurudi. Akasema tuombe.

Kwa hiyo nilipotoka kwa meneja nilijua ninakokwenda. Yule mzee alikuwa amepokea shukrani kwa pesa ambazo hakutoa, akanyamaza nazo miaka miwili! Nilipita Isinya nikiendesha pikapu yangu ya nyasi kwa hasira, nikitunga matusi ya heshima, maana yeye ni rika la baba yangu. Nilipopita mji wa Kajiado na kukata kuingia barabara ya vumbi, nilikuwa nimeshatunga ya kutosha.

Nilimkuta nje ya boma, ameketi kwenye kigoda, anamtazama mwanamume wa miaka thelathini hivi akipiga plasta tangi la maji.

"Takwenya," akanisalimu.

"Iko," nikajibu, kama ilivyo desturi, nikavuta pumzi nianze.

"Hata kama hungekuja, ningekutafuta," akanitangulia. "Unaona huyu? Hii ni kijana yangu. Hii kijana iliuza ndume yangu bila kuniuliza, ikanunua pikipiki. Pikipiki ikaibiwa. Nikaambia yeye, usikanyage boma yangu mpaka ulipe ile deni ya nyasi. Miaka tatu hajakanyaga. Halafu siku ile wewe ulipiga simu." Akafuta macho bila aibu. "Nikajua amelipa. Nikaita yeye siku hiyo hiyo. Nikachinja. Nikamtemea mate ya baraka kwa mikono na kwa kichwa, nikampa mbuzi kumi na tano akuwe mtu. Saa hii kila mwisho wa mwezi anakuja. Ni wewe, mama. Ni simu yako."

Matusi yangu yote ya heshima yakanikauka mdomoni. Nilimtazama yule kijana. Alikuwa ameacha kupiga plasta, mwiko mkononi, na ananiangalia kwa macho ya mtu aliyeona askari. Hapo nikaelewa kila kitu, na nikaona hasira inarudi, ila sasa ilikuwa na mwenyewe mpya. Lakini ningesemaje mbele ya mzee yule? Neno langu moja lingemfukuza kijana pale, na safari hii asingerudi. Nikanywa chai ya maziwa vikombe viwili, nikasifu tangi, nikaondoka bila shilingi.

Wiki iliyofuata nilimfuata kijana huko Tuala, kwenye jengo alilokuwa akifanyia kazi.

"Madam, honestly, mimi sikulipa," akasema kabla sijazima injini. "Baba aliniita tu. Nikaenda nikijua nitamwambia bado sina. Kufika, mbuzi imeshachinjwa, ananitemea mate, analia. Sijawahi kuona baba analia. Nikadhani amejilipia mwenyewe ndio apate sababu ya kuniita, na anataka tujifanye. Sasa ningemwambia nini? Arudishe mate?"

Niliikasirikia ile sababu kwa sababu ilikuwa nzuri. Kosa lilikuwa la karani, na sisi watatu tulilivaa kila mtu kwa namna yake: mimi nikashukuru, mzee akasamehe, kijana akasamehewa.

"Utalipa," nikamwambia, baada ya kumweleza habari za karani na benki. "Na baba yako hatajua kitu."

Hakuwa na pesa. Alikuwa na mbuzi, wale kumi na tano aliopewa, ambao bado walikuwa kwenye boma la baba yake na wameanza kuzaa. Tukakubaliana: kila mwisho wa mwezi akienda kumwona mzee, atarudi na mbuzi mmoja, ataniletea Kitengela nimuuze, pesa ziende benki. Mzee akiuliza, ananunua saruji. Ile elfu na mia tano niliyoila kama asante ningeibeba mwenyewe.

Miezi sita mambo yakaenda hivyo. Mbuzi anakuja, mbuzi anauzwa, benki inanitumia ujumbe wa kunishukuru kwa uaminifu wangu, nami nausonya. Mwezi wa saba kijana akaleta wawili.

"Nataka kumaliza mapema," akasema. "Nimepata kazi kubwa huko Embulbul. Kuja huku kila mwezi inanisumbua."

Nilifurahi. Ni nani asiyependa deni liishe? Nikawafunga mbuzi nyuma ya duka nikisubiri siku ya soko.

Kesho yake, kabla sijapanga chupa za dawa rafuni, mzee mwenyewe akaingia, fimbo mkononi, vumbi hadi magotini. Hakusalimu.

"Amekuletea wawili?"

Nikafungua mdomo nimdanganye, nikaufunga. "Wawili, mzee."

"Rudisha mmoja."

"Mzee, unajua ni wa nini?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama anawajua watoto wake. "Mama, mbuzi inatoka kwa boma yangu kila mwezi, na mimi nisijue inaenda wapi? Mwezi ya kwanza nilimshika, akasema yote. Karani, benki, yote. Nikamwambia asikuambie, lipa tu."

Nikaketi juu ya gunia la chumvi ya ng'ombe. "Na hukukasirika? Kwamba hakulipa?"

"Nilikasirika mwezi nzima. Nilitaka kumfukuza tena." Akageuza fimbo mkononi. "Halafu mwisho ya mwezi nikasikia anaita mama yake huko nje. Hasira ikaisha. Sasa wewe ukichukua wawili, anamaliza haraka. Akimaliza, anakuja kufanya nini?"

Nilichukua simu nikampigia kijana mbele yake, nikaweka sauti nje ili mzee asikie.

"Benki imekataa," nikamwambia. "Wamesema ni mmoja kwa mwezi, hawapokei zaidi."

"Lakini madam, ni pesa zao! Wanakataaje pesa?"

"Unaniuliza mimi? Unawajua hao watu."

Kijana akaguna, akasema basi, ataenda nyumbani mwisho wa mwezi. Mzee akaitikia kwa kichwa, akazunguka nyuma ya duka, akamfungua mbuzi mmoja, akanisaidia kumpandisha kwenye pikapu.