Mkono Kwenye Buibui la Mama

Juzi nilimpeleka binti yangu mazoezi ya judo, Michenzani. Msaidizi alimkamata mwalimu ukosi, naye mwalimu akawaonyesha watoto: usivute nyuma, msogelee, ubane mkono wake kifuani kwako, kisha geuka.

Nilikwisha kuyaona hayo. Alasiri moja nilipokuwa mtoto, mimi na mama tukitoka sokoni, kichochoro kikinuka vitunguu vya kukaanga na mkojo wa paka, redio ya ghorofani ikisoma matangazo ya vifo, alitokea mtu akalikamata buibui la mama pale shingoni. Mama hakuvuta. Alimsogelea, akaukumbatia ule mkono kifuani, nami nikadhani amekubali kwenda naye, ataniacha. Mara akageuka, na yule mtu akaanguka kwa magoti akilia. Tukakimbia.

Mlangoni mwetu mama alisimama, akafunga upya pini ya mtandio.

"Usimwambie babaako nlivyojitoa. Umesikia, mwanangu?"

"Nshasikia, mama."

Nilidhani anaona haya kwa kumgusa mwanamme asiye maharimu wake.

Juzi nikamuuliza mwalimu mtoto ataijua lini mbinu ile.

"Haijulikani kwa kuambiwa, bi," alisema. "Mpaka ukamatwe, ukamatwe tena, mpaka mkono ujue wenyewe."

Mama hakuwahi kukanyaga ukumbi wa judo. Na nyumbani tulikuwa watatu tu: mimi, yeye na baba.