Nilijifanya Serikali, Nikafunga Simu ya Mama wa Watu

Mkosaji ni mimi. Si mtandao, si mvua iliyopiga mnara, wala si serikali ya Uganda. Ni mimi, baba wa watoto watano, ambaye hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale watu wananiita Sekretere kwa sababu nilisoma kidogo kule Uvira, Kongo, na ninajua kuandika barua.

Mwaka ule serikali iliamuru kila laini ya simu iandikishwe kwa jina la mwenyewe. Wakongomani wengi wa zoni yetu walikuwa na karatasi ya familia tu, na kule Mbarara, kwenye duka la laini, walikuwa wanataka kadi ya kitambulisho. Kadi mimi nilikuwa nayo. Nikawahurumia, kweli kabisa niliwahurumia, nikaandikisha laini ishirini na tatu kwa jina langu. Hapo sikuwa na ubaya wowote. Ubaya ulikuja na semina.

Semina yenyewe ilikuwa Kamukuzi, kulekule Mbarara, ya siku moja, na soda juu yake. Ofisa akatufundisha kwamba serikali haina budi kusimamia intaneti, maana uongo, matusi na uchochezi vinapita humo bila kubisha hodi. Niliandika kila neno. Njiani kurudi nikajiuliza: serikali inasimamia nchi nzima, haya, na laini zangu ishirini na tatu nani anazisimamia? Si mimi mwenye jina?

Ole wangu! Tangu siku hiyo nikawa wizara.

Nikatunga sheria, nikazibandika ukutani kanisani. Hakuna matusi. Hakuna siasa ya Kongo. Hakuna picha ya msichana aliyevaa nguo nusu. Kila Jumapili baada ya ibada watu wapange mstari, nikague simu zao. Nilifuta hata picha za arusi kwa sababu bibi arusi alionyesha mabega. Nilifuta mahubiri ya mchungaji mmoja wa Bukavu, maana alipiga kelele nyingi nikaona ni uchochezi. Mke wangu akaniuliza nani amenichagua. Nikamjibu kwamba mambo ya usalama hayapigiwi kura. Alicheka mpaka akaacha kusonga bugali, nami nikanuna siku mbili.

Sasa kuna mama mmoja kati ya wale wenye laini za jina langu, nitamwita Mama Riziki. Yeye na mume wake walipotezana walipokuwa wanakimbia kutoka Fizi. Namba yake alikuwa ameituma kwa kila mtu aliyerudi kule: wachuuzi, wachungaji, hata dereva wa lori. Simu ilikaa kifuani mwake mchana kutwa, ndani ya kitenge. Mume akiwa hai, atapiga namba ile. Zoni nzima tulijua.

Jumapili moja akakataa kunipa simu. Halafu akaandika kwenye kikundi cha kanisa, wote tukasoma: "Mungu anajua mambo yangu yote na hajaniomba simu hata siku moja. Sekretere ni nani?" Watu wakajaza vicheko. Hata mke wangu aliweka chake, jamani!

Ilinichoma moyo. Jumatatu asubuhi nikafunga tai, nikaenda Mbarara. Binti wa dirishani akaniuliza kama laini ni yangu. Nikasema ni yangu. Akauliza kama imepotea. Nikasema imepotea. Akabonyeza bonyeza, akaniambia, "Sawa mzee, nimefunga." Haikufika dakika tano. Simu, meseji, intaneti, vyote kwisha. Nikatoka pale natembea kama jenerali wa kambi ya jeshi ya Makenke.

Mama Riziki akaja kwangu analia, simu mkononi. Mimi huyo nikavaa sura ya huruma.

"Ni serikali, Mama," nikamwambia. "Wanasafisha mtandao."

Akanishukuru kwa kumweleza. Alinishukuru!

Nilipanga kumfungulia baada ya wiki mbili, akisha kushika adabu. Ikaingia palizi ya maharage. Halafu nikaona haya, maana kufungua ni kukiri kwamba nilifunga. Miezi ikapita. Siku nilipokwenda kuuliza, nikaambiwa namba ilikaa mno bila kazi, wamekwisha kuigawa kwa mtu mwingine. Nikaipiga palepale. Akaitika mwanaume wa Bwizibwera, mfanyabiashara wa maziwa, mtu mpole tu, akaniuliza nataka lita ngapi.

Nikarudi nyumbani na siri yangu.

Baadaye akaja mgeni kutoka Fizi, binamu ya mume wake. Mama Riziki alikuwa anaanika mihogo, na mimi nilikuwa nimekaribishwa pale kama mkubwa wa zoni. Mgeni hakutaka hata kukaa.

"Bwana yako alipiga simu mara tatu," akasema. "Mara zote tatu mwanaume ndiye aliitika, bwana yako akakata. Akasema basi, bibi yangu amepata fasi yake. Sasa amekwisha kuoa mwengine."

Mama Riziki hakulia. Akauliza, mwanaume gani? Akauliza tena, mwanaume gani? Mimi nilikuwa naangalia mihogo.

Kesho yake akaja kwangu na daftari la mtoto. Akaniomba nimwandikie serikali barua, kwa kuwa mimi ndiye ninayejua kusema nao. Nikashika kalamu.

"Andika hivi," akasema. "Serikali, mimi nilibakosea nini? Jibu mutume kwa Sekretere, ni mutu wa kweli, atanisomea."

Nikaandika, neno kwa neno.

Wasomaji, mtu akikwambia laini yako ikae kwa jina lake kwa usalama wako, kimbia. Na wewe uliyepewa nguvu ya kufunga simu za watu, iwe za zoni au za nchi nzima, siku ukikasirika nenda ukalime kwanza. Ninyi mmejua kabla ya Mama Riziki, na hiyo nayo ni aibu yangu. Barua ninayo, iko ndani ya Biblia. Juzi ameniuliza kama serikali imejibu. Nikamwambia bado wanalifanyia kazi.