Nilivyokimbilia Nyama Kwenye Futari ya Mwafghani

Mayfair nzima, mtaa wetu hapa Joburg, wanaijua habari hii na wananicheka hadi madukani kwa Wasomali, kwa hiyo bora muisikie kwangu mwenyewe mwenye aibu yangu.

Mnanijua. Shule niliiacha darasa la nne, Tanga, nikaja Joburg na begi moja, nikaanza na chapati kwenye jiko la mafuta ya taa kule Jeppestown, na leo nina mgahawa wenye jina langu mlangoni kwa rangi ya dhahabu. Harusi za Waswahili mji huu, pilau ni langu. Futari ya msikitini, pilau ni langu, na nyama naipanga juu kabisa, minofu ya kushiba, mtu hajakaa vizuri nyama imeshamwona.

Basi akahamia mtaani kwetu Bi Zarmina, mama wa Kiafghani, mpole, Kiswahili hajui, ila akipika kwake lazima agawie majirani. Siku moja narudi nyumbani na pilau langu kwenye hotpoti, nakuta wanangu wanalamba bakuli la watu, na mke wangu ananiambia, "Baba Salma, hilo lako weka kwenye friji." Pilau langu, kwenye friji! Nikasusa, sikuonja hata punje (wali gani una karoti na zabibu kavu kama keki?), na mke wangu ndiyo kwanza akageuza kwa yule mama kuwa chuo, kila Jumamosi yuko huko anajifunza, akirudi akianza kunisimulia najifanya nimesinzia.

Halafu Mzee Omari, mwenyekiti wa kamati ya msikiti, akaniita, akanizungusha weee, mwishowe akasema Ramadhani hii wangependa yule mama ajaribu kupika futari siku moja, na watu wakipenda, kumi la mwisho lote atapewa yeye. Kumi la mwisho, ndugu zangu, ndilo lenye watu, ndiko jina la mpishi linakokaa. Nikamjibu sharp, mzee wangu, hakuna shida, na usiku sikulala.

Siku ikafika. Tumefungua kwa tende, tumeswali, tumekaa ukumbini wanne wanne, wanawake nyuma ya pazia, masinia yakaanza kutoka. Nikalitazama la kwetu: mlima wa wali, karoti, zabibu, lozi. Nyama hakuna. Nikachungulia la jirani, hakuna. La tatu, hakuna. Eish, moyo wangu ulipiga vigelegele. Mwenye akili angesema bismillahi akala, lakini mimi nikasimama (nani alinituma?), nikakohoa, nikatoa ile sauti yangu ya jikoni: "Ndugu zangu, huyu mama ni mgeni, tusimlaumu, lakini mtu aliyefunga hafuturu wali mtupu. Nipeni dakika tano."

Mzee Omari akainua mkono kama anataka kusema kitu, sikumsubiri, nikatoka mbio kanzu nimeikunja, nikavuka barabara taa za robot zikiwa nyekundu, madereva wananitukana kwa Kizulu, nikafika mgahawani nikabeba sufuria zima la nyama ya ng'ombe, nikarudi nimelikumbatia, mchuzi unanimwagikia kifuani (ile kanzu mpaka leo haijatakata).

Nikaingia kama shujaa. Ndipo nikaona mikono ya watu inang'aa mafuta, na Mzee Omari mwenyewe kashika mfupa wa kondoo anaunyonya macho kayafumba. Bado sijaelewa, nikauliza kwa ukali, nani kaleta nyama?

Sauti ikatoka nyuma ya pazia, sauti ninayoamka nayo kila siku. "Baba Salma, hakuna aliyeleta. Ilikuwa chini ya wali. Nimeizika mwenyewe, kwa mikono yangu."

Kicheko kilichopigwa siku ile sitakieleza. Kibaya zaidi, yule mama hakuelewa, alichoona ni jirani kaja na sufuria, akafurahi kweli, akamweleza mke wangu kwa Kiingereza chao cha kuungaunga, na mke wangu akatutafsiria sote: anakushukuru, na anasema mama yake alimfundisha nyama ya mgeni huwekwa chini, aikute mwenyewe akila, mwenyeji asije akaonekana anajionyesha.

Anajionyesha. Neno lile likaruka vichwa vya watu wote likaja kukaa kwangu.

Nikakaa. Nikachimba upande wangu wa sinia, nikatoa kipande kinachoachia mfupa chenyewe, na hapo ndipo nilipoumia hasa, maana kilikuwa kitamu kuliko changu. Sufuria langu likabaki katikati ya ukumbi, hakuna hata aliyelifunua.

Kumi la mwisho akapewa yeye, bila kikao. Wivu haujaniisha, sitawadanganya, nikipita mlangoni kwake nikanusa karoti zinakaangwa roho bado inanichoma. Ila nimeapa, chakula cha mtu sitakisemea tena mbele za watu mpaka mkono wangu umegusa chini ya sinia.