Mpera wa Nyuma ya Gereji

Mtaa mzima ulimwita Bi Okota, na wengi walisema hivyo kwa kumcheka. Alikuwa mjane mfupi wa miaka hamsini na mbili, mwenye mikono iliyojaa makovu ya kuungua. Kila asubuhi alizunguka na ndoo kwenye viwanja vilivyotelekezwa, akiokota matunda ambayo yangeishia kwa nzi, akayapika jamu. Tunda likioza bure lilimuuma kana kwamba katukanwa yeye. Alikuwa na sharti moja tu: hatikisi mti wala hachumi, anaokota yaliyoanguka.

Mti uliomlisha hasa ulikuwa mpera ulioota nyuma ya gereji ya shemeji yake, mume wa mdogo wake. Shemeji alikuwa fundi wa kupiga rangi magari. Pera likidondokea rangi mbichi, kazi ya siku mbili inaharibika. Alishamsihi Bi Okota aache mti ukatwe, akamtukana, na siku moja akamzaba kofi mbele ya wateja. Bi Okota alimng'ata mkono mpaka damu ikatoka. Tangu hapo walikuwa ndugu kwa jina tu.

Jumamosi moja pera liliangukia boneti ya gari lililokuwa linachukuliwa mchana uleule. Shemeji akachomoka na panga. Bi Okota alikuwa ameinjika sufuria chini ya mpera, jamu inatokota, mwiko mkononi.

"Toka hapo," shemeji alisema. "Leo naukata."

"Utaanza na mimi."

Mdomo ulimponza. Alipigwa ubapa wa panga begani, kisha ngumi ya uso, akatema jino. Hakukimbia, maana mti ule ukienda naye kwisha kazi. Aliinamisha kichwa akamvamia shemeji tumboni. Mwanamume aliyumba, panga likamtoka, na kwa hasira zake akaipiga sufuria teke.

Kosa hilo halifanyi mtu aliyewahi kupika jamu. Maji ya moto yakikumwagikia yanatiririka yakaenda zake, lakini jamu inang'ang'ania. Ilimvaa miguu, naye akainama kuifuta kwa viganja vyote viwili. Ikashika viganja. Alivyozidi kufuta, ndivyo ngozi ilivyozidi kutoka nayo.

Bi Okota alimwangusha chali, akamkalia kifuani, akavuta karai la maji ya kuoshea mapera na kuizamisha mikono ya shemeji humo. Miguu akaimwagia ndoo nzima. Shemeji alijitahidi kuchomoa mikono ajifute tena, na kila alipojaribu alikula kofi. Nusu ya makofi yale yalikuwa ya kumwokoa. Nusu nyingine Bi Okota alimpiga kwa raha zake, na yalimburudisha moyo.

Wiki sita baadaye shemeji alirudi na panga, bandeji zimeshatolewa. Bi Okota alisimama kando na pengo lake, akangoja. Vidole vya shemeji havikukunjika. Panga lilianguka, akaliokota kwa tabu, likaanguka tena. Furaha ilimjaa Bi Okota kifuani, wala hakujisumbua kuificha.

Mdogo wake alikuwa amemfuata mumewe hadi pale.

"Dada," alisema taratibu, "panga limemshinda. Bomba la kupulizia rangi atalishikaje?"

Furaha ikamkauka Bi Okota. Mti ameupata, na mume wa mdogo wake amekuwa kilema wa mikono. Ni kweli sufuria shemeji aliipiga teke mwenyewe. Lakini Bi Okota ndiye aliyeiinjika pale, chini ya mti waliokuwa wakigombania, akijua hasira za mtu yule. Jambo hilo hakumwambia mtu mpaka leo.

Aliisukuma ndoo kwa mguu mpaka ikagusa ndala za shemeji.

"Nakuchukia," shemeji alimwambia, machozi yanamlenga.

"Chukia huku unaokota. Yaliyooza weka pembeni."

Shemeji akachuchumaa, akaliinua pera la kwanza kwa kulibana kati ya viganja viwili.