Tabasamu la Upande Mmoja

Habari ilinifikia asubuhi nikiwa nanyoa ndevu, na aliyenipigia simu hakulia. Hilo ndilo lililonishtua kwanza. Sisi watu wa Kilosa tukitoa taarifa ya msiba huanza na habari za nyumbani, tukazunguka, tukakohoa, kisha sauti ikakatika. Huyu alisema kama anayetangaza posa: "Mwalimu ametutoka, mzee. Lakini ametoka vizuri. Amekutwa amekaa kwenye mkeka wake, mgongo ukutani, anatabasamu." Kabla jua halijazama nilikuwa nimeisikia sentensi hiyo sokoni, stendi na kwenye foleni ya dawa, na kila aliyeisema aliisema kwa wivu kidogo. Nimezika watu wengi, wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua, lakini sijawahi kuona kifo kinachosifiwa haraka namna ile. Niliogopa, na bado naogopa, na leo nitawaambia kwa nini.

Marehemu alikuwa mtoto wa mkulima wa milima ya Kisanga, akasomeshwa na misheni, akawa mwalimu wa shule ya msingi na kuolewa hapa mjini na fundi wa reli. Sauti yake ilikuwa inatoka darasani, inavuka uwanja wa mpira, inamkuta mtoro kwenye mpera. Alistaafu, mumewe akafa, watoto wakaenda mikoani walikopata kazi, nyumba ikabaki na yeye na redio. Hatukuwa watu wa kutembeleana kila wiki. Alikuwa msomaji wangu, yule wa kukusubiri sokoni penye nyanya ili akukosoe mbele za watu. "Jumapili umeandika maneno mengi," aliniambia siku moja, "ila hujasema kitu." Nilimpenda kwa hilo, ingawa siku ile nilinuna mpaka nyumbani.

Kisha ikaja kozi, nayo ilimfikia kwa simu. Mwanawe mmoja alimnunulia simu ya kupangusa ili aone picha za wajukuu, na humo ndani akakutana na masomo ya sauti ya kujitambua, kutafakari na kutafuta hekima ya rohoni, yanayotolewa na kikundi kilichopanga nyumba ya wageni ya zamani kule Mikumi, karibu na yanapolala malori. Kila somo lilimalizika na swali la kukaa nalo. Mwalimu alipenda kunijaribia maswali hayo. "Wewe ni nani usipokuwa mwandishi?" aliniuliza. Nikamwambia mimi ni mtu mwenye njaa, akaenda kuniletea mihogo. Siku hiyo hiyo alinikalisha mkekani, akaniamuru nifumbe macho nifuate pumzi yangu inavyoingia na kutoka. Niliifuata mpaka nikapotelea usingizini. Nilipozinduka alikuwa anafuta machozi ya kicheko. "Hongera, umejitambua," alisema. "Wewe ni mkoromaji."

Nataka niwe mkweli: kozi ile ilimfaa. Aliacha kugombana na redio, akalala usiku bila vidonge, akapanda gari kwenda Kisanga kumaliza ugomvi na mdogo wake wa kike ambaye hawakusemezana tangu mazishi ya baba yao. Sisi wengine tunaokwenda ibadani kila juma hatujafanya hata nusu yake. Kwa hiyo sitaki mtu asome hapa akaniambia nachukia watu kukaa kimya na nafsi zao. Lakini lilikuwepo somo moja ambalo halikunikaa vizuri tangu siku aliponisikilizisha. Sauti ya kijana mpole ilisema kwamba maumivu ni mgeni: usimfukuze, usimkaribishe, mtazame tu mpaka aage mwenyewe. Mwalimu alikuwa na presha ya miaka mingi. Nikamuuliza, na huyo mgeni akiwa hana nia ya kuaga? Akacheka, akaniongezea chai.

Halafu likaja somo la ukimya. Alianza na nusu siku, na nusu siku hiyo hiyo ikazua mambo. Bibi harusi mmoja, hata wiki hajamaliza mtaani, alimkuta mwalimu akitoka kuchota maji, akapiga goti pembeni ya njia na kusema, "Shikamoo bibi." Mwalimu, akiwa katika somo lake la ukimya, akainua mkono na kutabasamu bila kufungua mdomo. Kwetu hapa mtu aliyepiga goti hainuki mpaka asikie marahaba. Yule binti alibaki chini mpaka mwalimu alipopotea kwenye kona, kisha akaenda kwa wakwe zake akilia kwamba amelaaniwa. Jioni wakaja wazee wawili na shangazi kuuliza binti yao amekosa nini. Mwalimu aliona aibu sana. Kesho yake akapita nyumba kwa nyumba, mwalimu ni mwalimu, akafundisha mtaa mzima: "Nikiwa kimya nitainua mkono. Mkono wangu ndiyo marahaba yangu. Mkiuona, jueni niko salama, nendeni na shughuli zenu." Mtaa ukaelewa. Mtaa ule wengi wao aliwafundisha yeye kusoma, na hakuna somo lake waliloshindwa.

Kozi ilikuwa na kilele chake, ukimya wa juma zima, na kilele hicho hufanywa pamoja, kule Mikumi. Mwalimu alikwisha kufunga mkoba. Lakini maneno yalikuwa yameanza kanisani. Akina mama aliokuwa akiimba nao kwaya walinong'ona kwamba mwalimu amehama dini, kwamba kule Mikumi watu wanavuliwa imani kama wanavyovuliwa viatu mlangoni. Mzee mmoja wa kanisa alimwita akamwambia kwa upole, na upole wa namna hiyo unauma kuliko fimbo, kwamba akienda kule asishangae siku yake ya kuzikwa ikikosa waimbaji. Mjane anayeishi peke yake akiambiwa hivyo atafanya nini? Alifungua mkoba, akarudisha nguo kabatini. Akasema atanyamaza nyumbani kwake, mlango umefungwa, asimkere mtu. Aliwaaga majirani, akamwomba mdogo wake aje mwisho wa juma wale pamoja, akaingia ndani. Mdogo wake alipokuja kutoka Kisanga na mahindi mabichi kichwani, ndiye aliyemkuta mkekani, amepoa.

Waimbaji walikuja, tena wote. Kifo kizuri husamehewa mambo mengi. Mahubiri yalimtaja kama mtu aliyeitwa akiwa katika sala, na mzee yule yule wa kanisa alitikisa kichwa kwa kukubali. Zamu yangu ya kuaga mwili ilipofika niliinama, nikamtazama. Ni kweli alikuwa anatabasamu. Alikuwa anatabasamu kwa upande mmoja. Mdomo ulikuwa umevutwa kuelekea sikio la kulia, na shavu la kushoto lilikuwa limelegea. Tabasamu hilo nalijua. Baba yangu alikuwa nalo miezi yake yote ya mwisho, na halikuwa tabasamu, kilikuwa kiharusi. Nilipita nikakaa kwenye benchi, maana watu wanaolia kwa furaha huwezi kuwashika bega ukawaambia wakaangalie tena.

Lakini sikulala vizuri, basi nikapanda gari la njia ya Zombo nikaenda Mikumi. Nilitegemea kukuta matapeli, niwaambie kweli, nilikuwa nimeshachagua na matusi. Nikamkuta kijana wa sauti ile ya simu, shati limepigwa pasi, akaniamkia vizuri na kunipa kiti kivulini. Alikuwa ameshasikia. "Mwalimu ametufundisha sote namna ya kuondoka," alisema. "Ameondoka ndani ya ukimya wake." Nikamwomba anieleze juma la ukimya linavyokwenda pale kwao. Akaeleza bila kuficha. Watu wananyamaza wote isipokuwa mmoja, ambaye haruhusiwi kunyamaza kabisa. Kazi yake ni kupita asubuhi na jioni, kumgusa kila mtu, kumtaka ataje jina lake kwa sauti, kisha kumwachia arudi kwenye ukimya. Wanamwita mwangalizi. Nikamuuliza, mwangalizi wa mwalimu alikuwa nani? "Alifanyia nyumbani," alisema yule kijana. "Katika masomo ya simu, hilo la mwangalizi hatukuliweka. Tulijua kila mtu atakuja huku." Alipofika kwenye neno "huku" sauti yake haikuwa tena ile ya kwenye simu.

Nilirudi Kilosa nikakuta jambo ambalo ndilo limenifanya niandike leo badala ya kusubiri arobaini. Kifo kizuri kimepata wanafunzi. Wanawake kadhaa wa mtaa ule ule, wajane wengi wao, mmoja ana sukari, wamejiunga na kozi ile kwa simu. Wanataka kufa kama mwalimu, ndivyo wanavyosema, wamekaa, wanatabasamu. Na kwa kuwa kanisani maneno hayajaisha, nao wamekubaliana kunyamazia majumbani mwao, kila mmoja na mlango wake. Wanaanza Jumatatu. Mtaa umeshaambiwa alama ni ile ile ya mkono.

Jioni ya siku hiyo alikuja kwangu mama mmoja anayekaanga mihogo jirani kabisa na nyumba ya mwalimu, mwanafunzi wake wa zamani. Aliniamkia, nikaitikia, akakaa kwenye kizingiti na kukataa kiti. Akaniambia kwamba siku moja kabla ya mdogo mtu kuja alisikia ndoo ikianguka kwa mwalimu, na maji yakapita chini ya mlango. Alikwenda akapiga hodi mara tatu kama tulivyofundishwa, kimya. Akachungulia dirishani. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye mkeka wake, mgongo ukutani, nguo zimelowa. "Nikamwambia, shikamoo mwalimu," alisema yule mama. "Akanitazama, mzee. Akanitazama sana. Akainua mkono. Niliona anatabasamu. Mkono ukashuka, akauinua tena, ukashuka, akauinua tena. Nikasema moyoni, leo mwalimu ana furaha, ananipa marahaba nyingi. Nikampungia. Nikaenda zangu kuosha mihogo."

Hakulia. Aliuliza kama mtu angeweza kupona pale. Sikumdanganya wala sikumwambia yote. Nilimwambia sijui, lakini kwamba asingekuwa peke yake. Nilimwambia pia kwamba alitii alichofundishwa na mwalimu wake, na kama kuna wa kulaumiwa tupange foleni: kozi iliyotuma ukimya kwa simu ikasahau kumtuma mwangalizi, kanisa lililomtishia mjane kwa mazishi yake mwenyewe, na mtaa mzima uliofurahi kupewa ruhusa ya kutouliza. Kwa maana hapo ndipo pananiumiza. Tumekuwa watu wa kupenda sana alama ya kwamba mwenzetu yu salama. Kidole gumba kwenye simu, taa iliyowaka dirishani, mkono ulioinuka, vyote vinatutosha, tunapita. Zamani ukimwamkia mtu asubuhi ulimwuliza ameamkaje, akakwambia goti, akakwambia mgongo, akakuchelewesha kazini, ukaondoka unanung'unika lakini unajua hali yake. Kuitafuta nafsi ni safari njema, na mwalimu alifika mbali kuliko wengi wetu. Ila roho inayosafiri inauacha mwili chini ya ulinzi wa mtu, na mtu huyo lazima awe na ruhusa ya kuuliza, kugusa, kupiga kelele, na mkono usipomridhisha, kuvunja mlango. Asiyekuwa na mtu wa namna hiyo asinyamaze. Akae asubiri mpaka ampate, hata kama ni mwaka mzima. Nanyi mnaojua jirani yenu ananyamaza, msikubali mkono. Ombeni sauti.

Niliandika haya yote kasoro habari ya dirishani, nikampelekea yule mama nimsomee. Nilimwambia nimeificha ili mtaa usimgeukie, maana watu waliokwisha kulipenda tabasamu lile hawatamsamehe atakayewaambia lilikuwa nini, na mihogo yake ndiyo inayomlisha. Alisikiliza mpaka mwisho huku akigeuza vipande kwenye mafuta. Kisha akaniuliza kama gazeti linafika kabla ya Jumatatu. Nikamwambia linafika.

"Basi andika na ya dirishani, mzee," alisema. "Wakinichukia, wanichukie wakiwa hai."