Kazi Nne na Mtu Mmoja

Siku ile ya upepo naikumbuka, mwanangu, na hata sasa nikisikia harufu ya majani makavu yakiungua, mimi hutoka nje kutazama moshi unatokea wapi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, fundi seremala pale Makambako, na meza zangu zilisifiwa. Lakini ujana haushibi sahani moja. Nikaongeza udalali wa viazi. Nikaongeza mitumba ya siku za mnada. Kisha nikapanda ekari mbili za misindano, miti ya mbao, kijijini Kifanya, kupita Njombe, mbali na karakana yangu, kwa kuwa kila mtu wakati ule alisema miti hujikuza yenyewe.

Haijikuzi. Kila kiangazi shamba linataka kufyekwa pembezoni ili moto usivuke. Mzee Mgaya, aliyepakana nami upande wa juu, aliniambia mara mbili: "Njoo ufyeke, nyasi zimefika kiunoni." Nikamjibu, "Wiki ijayo, mzee." Wiki ijayo ikawa na viazi. Iliyofuata ikawa na mnada.

Basi saa sita mchana, niko Makambako nasimamia magunia yakipakiwa kwenye lori, simu ikaita. Ni yeye.

"Moto umeingia kwako. Upepo unausukuma kwa Mama Zawadi. Njoo!"

Mama Zawadi alikuwa mjane, jirani yangu wa upande wa chini. Miti yake ilikaribia kuvunwa, na kijiji kizima kilijua kwamba ndiyo ada ya binti yake sekondari.

Hapa sikufichi kitu, mwanangu. Sikuondoka. Niliogopa dereva angeondoka na lori likiwa nusu tupu, nikajiambia, acha nimalize haya magunia tu. Nilisimama pale karibu saa nzima, nawafokea wapakiaji waharakishe. Simu ikaita tena. Sikuipokea.

Lori lilipojaa ndipo nikakimbilia basi, nilipofika Njombe nikadandia pikipiki, na moshi niliuona kabla sijakiona kijiji. Nilivunja tawi bichi nikaingia mbio. Watu walikuwa wamejipanga wakiupiga moto, wanaume kwa wanawake, macho mekundu. Mama Zawadi alikuwa mbele kabisa, kitenge kimeungua pindo, anapiga, anapiga, wala hakunitazama. Tuliuzima jua likiwa linaelekea kuzama. Shamba langu lilikuwa jivu tupu. La kwake lilibakiwa na mistari michache tu.

Nikaanza kuomba radhi. Mzee Mgaya akanikatisha kwa salamu ya kwetu, taratibu, kana kwamba ndiyo kwanza nawasili.

"Kamwene, kijana. Nasikia una kazi nne. Sasa niambie: moto ukija huku, viazi vikioza kule, na aliyekuagiza kabati analalamika Makambako, wewe ni watu wangapi?"

"Mmoja, mzee."

"Basi huyo mmoja leo alikuwa kwenye viazi. Na huyu mama alikuwa kwenye moto wako."

Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Mimi nilitaka kupita nne kwa miguu hii miwili.

Niliacha udalali, nikaacha na mnada. Mvua zilipoanza nilipanda kwa Mama Zawadi kwanza, mche kwa mche, ndipo nikapanda kwangu. Binti yake alikaa nyumbani muhula mzima kabla useremala haujanipa cha kumsaidia. Muhula ule, mwanangu, hakuna mche uliowahi kuurudisha.

Kwa hiyo sikukatazi kibarua cha pembeni. Mshahara mmoja siku hizi haufiki mwisho wa mwezi. Ndiyo maana naona mwenye parachichi ana bodaboda, na mwenye bodaboda anauza nguo kwenye simu. Ila usiipime kazi kwa siku yake nzuri, maana siku hiyo kila kazi hupendeza. Uliza siku yake mbaya ikoje, na siku hiyo wewe utakuwa wapi. Kama inaweza kukungoja, kama ubao unavyongoja randa, ichukue. Kama itakuita nawe huna njia ya kufika, iache, hata wenzako wakineemeka nayo mbele ya macho yako. Na kabla hujaishika, jiulize nani ataumia ukichelewa. Mara nyingi si wewe.

Mungu akupe kazi zinazotoshana na mikono yako, na siku utakapoitwa akujalie moyo wa kuondoka palepale.