Gurudumu Lisilopakwa Grisi

Katika kiwanda cha kuchambua pamba nilikofanya kazi, hapa Bariadi, kila toroli lilikuwa na gurudumu moja ambalo tulikataa katakata kulipaka grisi. Tulikuwa wanane, kazi yetu kusukuma marobota kutoka kwenye mashine ya kushindilia hadi ghalani, na njiani palikuwa na kona isiyoonyesha mbele. Mitambo ikinguruma humsikii hata mtu anayekuita kwa jina. Lakini chuma kile kikavu kikianza kulia, ulikisikia hadi kwenye meno. Wanawake waliofagia nyuzi za pamba walisogea ukutani bila hata kuinua kichwa.

Mmoja wao alikuwa mama yangu mdogo. Ndiye aliyenilea kule Lagangabilili baada ya mama kufariki, na ndiye aliyeniombea kazi. Nilimwita mayu, kama mama yeyote anavyoitwa kwetu.

Msimu uliopita yakaja matoroli yanayojiendesha. Yalifuata mstari uliobandikwa sakafuni, yana matairi ya mpira, na kila moja lina jicho la kioo mbele; likiona kitu, linasimama. Lilikuwa na king'ora pia, lakini sauti yake ilikuwa ndogo na mitambo iliimeza. Wenzetu sita wakaambiwa waende nyumbani. Tulibaki wawili wa kuyaangalia, na nilijiona mjanja kuliko wote sita.

Waliotengeneza yale matoroli hawakuijua pamba. Vumbi lake hunata popote. Kila mara jicho lilifunikwa, na toroli likasimama katikati ya njia. Napangusa, nabonyeza kitufe, linakwenda, halafu linasimama tena. Marobota yakarundikana. Msimamizi akaja, akalitazama lundo, kisha akanitazama mimi.

"Kama umeshindwa, sema. Wenzako bado wako getini kila asubuhi."

Siku za majaribio nilikuwa nimemwona fundi akizima jicho kwa swichi iliyo chini ya kifuniko, akatuonya kwamba ile ni ya mafundi tu. Msimamizi alipoondoka nikafungua kifuniko, nikaizima. Hakuna aliyeniagiza. Toroli likaenda vizuri kweli, na nilifurahi, siwezi kusema uongo.

Mayu alikuwa kwenye kona, ameinama na ufagio wake, amejifunga kitenge puani na masikioni kwa sababu ya vumbi. Nilimwona toroli lilipokwisha kukata kona. Nilipiga ukelele ambao hata mimi mwenyewe sikuusikia. Toroli lilimbana mguu ukutani, na mpaka nakifikia kitufe chekundu cha kulisimamisha lilikuwa bado linasukuma.

Kabla watu hawajajaa, niliingiza mkono chini ya kifuniko nikairudisha swichi. Hilo nalikumbuka kuliko damu.

Wakaguzi walikuta jicho limejaa pamba, wakaandika kwamba chanzo ni vumbi. Hospitalini mguu ulikatwa chini ya goti. Matoroli mapya yakafungiwa stoo, wale sita wakaitwa warudi, na sasa tunasukuma kama zamani, gurudumu moja kavu. Nikilisikia linalia, natazama ile kona.

Kila Jumapili asubuhi naenda Lagangabilili.

"Mwangaluka, mayu," namsalimu.

"Mwangaluka, mwanangu. Kaa hapa."

Anasogea kwenye mkeka, anaweka gongo lake la kutembelea pembeni, nami nakaa upande wa mguu usiokuwepo. Watu wa kanisani wakija kumjulia hali, huwasimulia yaleyale. "Nilikuwa nasikiliza lile gurudumu. Halikulia. Sasa ningejuaje?"

Kisha hunishika bega.

"Huyu ndiye aliyelisimamisha. Bila huyu mngekuwa mmeshanizika."

Wageni wanageuka, wananipa mkono mmoja baada ya mwingine, wananishukuru. Na mimi naitikia.